Nafasi ya Nyuki

Maktaba arobaini za vijijini, tovuti arobaini,
na kila moja niliirithi ikiwa imenakiliwa kwa mwenzake,
neno kwa neno, kosa kwa kosa,
kama wanafunzi wa dawati moja siku ya mtihani.
Simu ya makao makuu ilipobadilika hapa Iași
nilifungua faili arobaini, nikasahihisha tarakimu zile zile mara arobaini,
na bado Bibi Zamfira wa Dealu Mic akanitafuta:
"Binti, mbona nikipiga ofisini kwenu anapokea fundi viatu?"

Usiku huo nikaapa.
Nikaukata ukurasa kama mjuzi akatavyo kuku, kwenye maungio:
kichwa peke yake, wayo peke yake,
menyu, kitufe, kadi ya kitabu na jalada lake.
Kila kiungo na faili lake, kila faili na kazi yake moja.
Andika mara moja, ita popote.
Nje, tramu ya mwisho ilikuwa ikipanda Copou.

Wiki mbili nilitembea kifua mbele.
Kadi zangu zilijipanga tatu tatu, upana sawa, kimo sawa,
kama matofali ya mwashi asiyelewa.
Ndipo ikaja Valea-Rece-de-Sus-peste-Pârâu,
kijiji chenye jina refu kuliko barabara yake.
Jina likatoboa kadi, likamwagikia kadi jirani,
likakisukuma kitufe cha "Azima" nje ya kioo.
Nikapunguza herufi; wazee wakalalamikia miwani yao.
Nikatengeneza kadi ya pili, ya majina marefu.
Kisha ya tatu, ya vitabu visivyo na picha.
Kufika ya saba nikajikamata mwenyewe:
nilikimbia nakala, nikazaa ukoo wa nakala.

Nichita ndiye aliyeniachia kiti hiki.
Sasa anafuga nyuki upande wa Vaslui,
hapokei simu ila akiwa amevua glavu.
"Catinca," akasema, "njoo Jumamosi. Kompyuta ibaki."

Akafunua mzinga, akavuta fremu moja,
akaitia katika mzinga mwingine; ikaingia kimya.
"Usiisifu mbao," akasema. "Sifu pengo.
Milimita nane hivi, kati ya fremu na fremu.
Libane, nyuki wataliziba kwa gundi yao,
hutaitoa fremu hata kwa patasi.
Lipanue, watajenga sega humo humo,
ukivuta unararua asali.
Nilipima mbao miaka mitatu
kabla ya kujua kwamba kinachopimwa ni hewa."
Nyuki mmoja akanidunga kwenye kidole cha kubofyea.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi nilirudi mjini kujenga ukuta kwa kuacha ufa.
Nikafuta kadi saba, nikaandika moja,
isiyojua upana wake mpaka iwekwe mahali,
isiyomuuliza mgeni jina lake lina herufi ngapi,
na chini ya kitufe nikaacha nafasi tupu, haina masharti,
nikaiita tu "chochote".
Mkuu wangu akauliza ni ya nini.
Nikamjibu sijui. Ndiyo maana ipo.

Jumatatu nilibadilisha mstari mmoja
na maktaba arobaini zikabadilika kabla chai haijapoa.
Hakuna aliyepiga simu.
Kazi yetu ikiwa nzuri haina habari.

Ila Alhamisi, katika pitapita zangu, nikafika Dealu Mic.
Ndani ya "chochote" Bibi Zamfira alikuwa ameandika:
"Aliyeazima kitabu cha ufugaji wa bata tangu mwaka juzi
akirudishe. Bata wangu wameshaanza kutaga,
nami niliachia sura ya pili."